Kilimanjaro, Kamera na Kapu la Mchango: Mwongozo Kamili wa Kupandisha Watu Mashuhuri Mlimani

Machi 2009, watu tisa maarufu wa Uingereza walipanda Mlima Kilimanjaro huku kamera za BBC zikiwafuata. Mwanamuziki Gary Barlow ndiye aliyelikusanya kundi, na ndani yake walikuwamo Cheryl Cole, Ronan Keating, Alesha Dixon na mtangazaji wa redio Chris Moyles. Tarehe 7 wote tisa walifika Uhuru, kilele cha mlima. Zaidi ya pauni milioni 3 ziliingia mfuko wa Comic Relief, shirika la hisani la Uingereza, na lengo lililotajwa zaidi lilikuwa vyandarua vya kukinga malaria. Mwaka 2019 shirika hilohilo lilipandisha kundi jingine. Hapa nyumbani, Mgodi wa Dhahabu wa Geita pamoja na TACAIDS (tume ya taifa ya kudhibiti UKIMWI) wamekuwa wakitumia mlima huohuo tangu 2002 kuchangisha fedha za mapambano dhidi ya VVU.

Mwongozo huu ni wa kituo cha televisheni, taasisi au umoja wa wasanii unaotaka kufanya jambo kama hilo. Kanuni inayobeba yote yanayofuata ni hii: ratiba ya mwili hutangulia ratiba ya televisheni. Safari nyingi za aina hii huharibika pale mtu wa ofisini anapokata siku moja ili kipindi kiwahi kuruka. Siku hiyo moja huonekana ndogo kwenye karatasi. Mlimani ndiyo inayomtofautisha msanii anayefika kileleni na anayeshushwa kwa machela.

Miezi sita kabla: fedha

Anza na akaunti ya mchango, kabla hata ya kumpigia simu msanii wa kwanza. Gharama za safari na fedha za mchango zisikae chungu kimoja. Tafuta mdhamini alipie mlima wote (ada za hifadhi, wagumu yaani wapagazi, chakula, bima, usafiri) ili mtangazaji aweze kusema hewani, bila kupepesa macho, kwamba kila shilingi ya mtazamaji inakwenda kwa mlengwa. Mdhamini asipoweza kulipia yote, punguza watu. Kundi la wasanii wanne waliolipiwa kikamilifu ni bora kuliko kumi wanaokula mchango njiani.

Akaunti iwe ya taasisi iliyosajiliwa, yenye watia saini watatu, na wawili kati yao wasitoke kwenye kituo cha televisheni. Namba ya kulipia kwa simu isajiliwe kwa jina la taasisi, kamwe si la mtu binafsi. Ijaribuni kwa kila mtandao: tuma shilingi 1,000, angalia jina linalojitokeza, kisha hakikisha fedha zimefika benki. Waulize watoa huduma mapema kuhusu makato na kikomo cha miamala kwa siku, kwa sababu mafanikio yenyewe yanaweza kuifunga namba saa mbili usiku, wakati watu wako tayari kutoa.

Matapeli hawakawii. Kipindi kikishapata jina, namba bandia huanza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp zikiwa na picha ya msanii yuleyule. Kinga iliyo rahisi ni kuonyesha namba na jina la mpokeaji pamoja, kila mara, na mtangazaji ayasome polepole mara mbili. Mzoeze mtazamaji kukagua jina kabla hajaweka namba ya siri.

Kisha amua kitu kimoja kinachonunuliwa na mchango. "Tusaidie kupambana na malaria" ni maneno mapana mno. Chandarua kimoja chenye dawa ni kitu kinachoshikika, na kina uhusiano wa kweli na mlima: kiwanda cha A to Z cha Arusha hutengeneza vyandarua vya aina hiyo. Pata bei ya kimoja ikiwa na usafirishaji hadi kijijini, na hiyo ndiyo iwe bei ya kutajwa hewani.

Mkichangisha pia Uingereza, pitieni kwa taasisi iliyosajiliwa kule. Mlipa kodi akikubali utaratibu wa Gift Aid, serikali ya huko huongeza peni 25 kwa kila pauni 1. Kuacha fedha hizo mezani ni uzembe.

Tarehe na njia

Nyakati nzuri ni mbili: Januari hadi siku za mwanzo za Machi, na mwisho wa Juni hadi mwanzo wa Oktoba. Masika ya Machi hadi Mei hufunika mlima kwa mawingu siku nzima. Kamera haioni kitu na njia ya msituni huwa matope. Mkiweza, pangeni kufika kileleni karibu na mbalamwezi. Mwezi mpevu juu ya theluji huwapa wapiga picha mwanga ambao taa ya kichwani haiwezi kuutoa, ingawa siku hizo watu huwa wengi.

Kwa njia, chagueni Lemosho ya siku nane. Ni karibu kilomita 70, inaanzia magharibi, mandhari yake hubadilika kila siku, na inaupa mwili muda. Marangu ina vibanda na inaonekana rahisi, lakini kwa siku tano watu hupanda haraka kuliko damu yao inavyoweza kuzoea. Ndiyo maana wengi huishia njiani wakiwa na miguu yenye nguvu kabisa.

Vibali

Ombeni miezi mitatu kabla, kwa barua tofauti: TANAPA (shirika la hifadhi za taifa) kwa kupiga picha ndani ya hifadhi, Bodi ya Filamu kwa utengenezaji wa kipindi, TCRA (mamlaka ya mawasiliano) kwa vifaa vya setilaiti na masafa ya redio, na mamlaka ya usafiri wa anga pamoja na hifadhi kama mna droni. Droni isiyo na kibali itazuiwa getini, na siku hiyo hakuna wa kumpigia simu. Orodha ya vifaa iandikwe kwa namba ya kila kamera. Forodha ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, wataitaka mkiingia na mkitoka.

Watu: kuchagua, kupima, kuzoeza

Umaarufu haupimi moyo wala mapafu. Kila mshiriki apimwe wiki nane kabla: presha, moyo, sukari, wingi wa damu na, kwa watu wetu, selimundu. Mwenye ugonjwa wa selimundu asipande. Mwenye kurithi kinasaba kimoja tu, ambaye maisha yake yote hajawahi kuumwa, bado azungumze na daktari, kwa sababu hewa haba ya juu inaweza kumdhuru bandama. Hili husahaulika sana kwa kuwa fomu nyingi za afya za safari za milima ziliandikwa kwa ajili ya wageni.

Mazoezi yaanze wiki kumi na mbili kabla. Mara tatu kwa wiki mshiriki atembee saa moja akiwa na mkoba wa kilo 6, na Jumamosi apande kilima halisi saa tano au sita. Wiki tatu kabla, kundi zima lipande Meru (mita 4,566) au, kwa walio Kenya, Lenana kwenye Mlima Kenya (mita 4,985). Safari hiyo ni ya mazoezi na pia ya usaili: mtajua nani hulala vizuri hemani, nani hasemi anapoumwa kichwa, na kamera gani hugoma kwenye baridi. Viatu viwe vimetembelewa kilomita 60 au zaidi. Kiatu kipya kilichotolewa na mdhamini asubuhi ya safari, ili kionekane kwenye picha, ndicho kinachowatoa watu malengelenge siku ya pili.

Dawa ya kuzoesha mwili, asetazolamaidi, maarufu kama Diamox, hutumika kwa kawaida miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Daktari ndiye aandike. Ijaribiwe nyumbani kwa siku mbili: huleta ganzi za vidole na kukojoa mara kwa mara, na mwenye mzio wa dawa za salfa lazima aseme mapema. Bima itaje kwa maandishi uokoaji hadi mita 6,000. Nyingi huishia mita 4,000.

Hesabu ya wagumu

Wagumu, ndivyo wapagazi wa Kilimanjaro wanavyojiita, ndio wanaobeba kipindi chenu. Chukua mfano wa wasanii 9 na wahusika 7: mwongozaji wa kipindi, wapiga picha 2, mtu wa sauti, fundi wa umeme na data, daktari, na mratibu wa mchango. Jumla ni 16. Wagumu wanne kwa kila mmoja ni 64. Vifaa vya picha na umeme vikiwa kilo 260, gawa kwa 20, unapata 13 wengine. Ongeza waongozaji wa mlima 8 na wapishi 3. Msafara wa watu 104 kwa sura tisa za kwenye skrini.

Kikomo ni kilo 20 za mzigo wa wageni, mbali na vitu vyake mwenyewe mgumu, na mizani iko getini. Mkoba wa msanii usizidi kilo 15. Kasha la kamera lenye kilo 32, ambalo uwanja wa ndege hupita bila shida, hapa lazima lifunguliwe na kugawanywa mbele ya foleni ya watu. Pakieni tangu mwanzo kwa makasha ya kilo 18.

Kagua mwenyewe mambo manne ya wagumu kabla hamjaondoka: koti na viatu vya baridi kwa kila mmoja, hema lenye sakafu la kulala, milo mitatu kwa siku, na ujira ulioandikwa. Shirika la KPAP la Moshi hufuatilia viwango hivi. Chagueni kampuni ya mlima iliyo chini ya usimamizi wake. Kipindi kinachookoa maisha ya watoto wa kijiji kimoja kwa migongo ya baba zao waliolala njaa ni aibu, na watazamaji wa Moshi na Arusha watakijua hata kabla hakijaruka.

Kamera, betri na umeme

Acheni kamera za begani mjini. Kamera ndogo yenye lenzi, jumla kilo moja na nusu, hupigwa kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika fimbo. Bebeni tatu, na moja iwe akiba isiyoguswa hadi Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele.

Betri za lithiamu hupungua nguvu kwenye baridi. Ile inayodumu dakika 90 Dar es Salaam, ihesabu kama dakika 40 usiku wa kilele, ambapo baridi hufika nyuzi 10 hadi 20 chini ya sifuri. Zikae kwenye mfuko wa ndani wa shati, juu ya tumbo, na usiku zilale ndani ya begi la kulalia. Betri iliyozimika kwa baridi usiitupe kwenye mfuko wa zilizokwisha. Ipashe kwapani dakika kumi, mara nyingi hurudi na kutoa dakika kadhaa.

Kosa la kawaida ni kuingiza kamera baridi kwenye hema la kulia lenye mvuke wa supu. Unyevu huganda ndani ya lenzi na picha za asubuhi zinakuwa na ukungu. Ifunge kwenye mfuko usiopitisha maji ukiwa bado nje, iingize, na usiufungue kwa nusu saa. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, kwa hiyo njooni na mifuko ya turubai laini inayokunjwa mdomo.

Mahitaji ya siku kwa kamera tatu, kompyuta moja na redio za mawasiliano ni kama watisaa (Wh) 350. Paneli mbili za wati 100 zinatosha kwenye uwanda wa Shira, lakini kuna mtego: mawingu hupanda mchana, nanyi hufika kambini mchana. Dawa yake ni fundi wa umeme kuondoka na wagumu wa kwanza alfajiri ili paneli ziwe juani kufikia saa nne. Siku ya msituni msitegemee kitu. Benki kubwa ya umeme nunueni au kodini Arusha au Moshi, kwa kuwa betri inayozidi watisaa 160 hairuhusiwi kwenye ndege ya abiria, na zote za akiba husafiri kwenye mkoba wa mkononi.

Intaneti ya kasi ilifikishwa Horombo, kambi ya njia ya Marangu, mwaka 2022. Msijenge kipindi kizima juu yake, hasa mkiwa upande wa Lemosho. Bebeni simu ya setilaiti, na kila jioni nakilini picha kwenye diski mbili zinazobebwa na watu wawili tofauti.

Siku nane

Usiku wa Moshi kabla ya kuanza, wote walale ndani ya chandarua. Malaria haipandi hadi Barafu, ila mtu aliyeumwa na mbu mjini hupanda nayo.

Siku ya 1 ni geti la Londorossi hadi kambi ya Mti Mkubwa. Karatasi na mizani hula saa mbili hadi tatu. Rekodini mahojiano hapo. Siku ya 2 mnatoka msituni hadi Shira 1 (karibu mita 3,500), na ya 3 ni fupi, hadi Shira 2. Hii siku fupi ndiyo watu wa ofisini hutaka kuikata. Isikatwe.

Siku ya 4 mnapanda hadi Lava Tower, mita 4,600 hivi, mnakula chakula cha mchana pale kisha mnashuka kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Vichwa vitauma. Ni siku nzuri ya picha kwa sababu sura hubadilika kweli, na ndiyo daktari anayoitazama kwa makini kuliko zote.

Siku ya 5 ni ukuta wa Barranco. Mpiga picha mmoja atangulie nusu saa, achague pembe pana isiyo njiani. Mgumu akija na mzigo kichwani, msanii husimama upande wa mlima, na kamera humpisha. Kumsimamisha mtu mwenye kilo 20 ukingoni ili picha irudiwe ni hatari, na haifanywi. Mnalala Karanga. Kijito cha Karanga ndicho maji ya mwisho. Barafu hakuna, kila lita ya siku ya 6 na ya usiku wa kilele hubebwa kutoka hapa. Hesabu lita 4 kwa mtu, na za kupikia mbali.

Siku ya 6 fikeni Barafu (karibu mita 4,670) kabla ya saa nane mchana. Kuleni, laleni. Mahojiano hayazidi dakika tano kwa mtu.

Usiku wa kilele

Amkeni saa nne na nusu usiku, uji na chai, mwondoke kati ya saa tano na saa sita. Mwongozaji wa mlima awe mmoja kwa kila wasanii wawili, na mmoja wa ziada nyuma asiye na mtu wa kumwangalia, ili mtu akirudi kundi lisipungukiwe.

Nguo ziwe tabaka nne juu na tatu chini. Chupa ya maji igeuzwe mdomo chini ndani ya mkoba, kwa kuwa barafu huanza kuganda juu. Mrija wa mkoba wa maji utaganda kufikia saa nane, msiutegemee. Kinasa sauti kidogo kifungwe chini ya tabaka la pili, waya upite ndani ya kola, na kipaza sauti kivikwe manyoya. Upepo wa karibu na Stella, ukingoni mwa kreta, huua sauti yote isiyofunikwa.

Piga picha kwa dakika sita au saba kila saa, wakati wa mapumziko na dakika chache za mwendo. Mapumziko yasizidi dakika tano; zaidi ya hapo mwili unapoa. Hakuna kurudia tukio. Msanii akilia, kamera ikae mbali, na mtu wa kwanza kumfikia awe mwongozaji.

Stella hufikiwa baada ya mwendo wa saa tano hadi saba, na Uhuru (mita 5,895) ni karibu saa moja zaidi. Oksijeni pale ni kama nusu ya ile ya Pwani. Kaeni dakika 15, basi. Bango la mdhamini liwe la kitambaa, lenye vishikizo viwili, na watu wawili waliopangiwa kulishika. Bango kubwa kwenye upepo wa kileleni limewachelewesha wengi.

Jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu. Kwa Dar, Nairobi na Muscat hiyo ni saa nzuri ya kipindi cha asubuhi, na sauti ya simu ya setilaiti yatosha kabisa kurusha moja kwa moja. Uingereza wakati huo ni usiku wa manane. Kwao rekodini, na picha zishuke na mtu mwepesi wa mguu.

Mtu anapoumwa

Asubuhi na jioni daktari aulize mambo manne: kichwa, tumbo, uchovu, kizunguzungu, kila kimoja kwa alama 0 hadi 3. Jumla ya 3 au zaidi pamoja na kichwa kuuma ni ugonjwa wa mwinuko: hapandi tena hadi apate nafuu. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni ni msaada tu. Barafu wengi huwa kwenye asilimia 75 hadi 85 na wako salama, kwa hiyo namba isiamue peke yake.

Dalili tatu hazina mjadala: kuyumba anapotembea kisigino kwa kidole kwenye mstari ulionyooka, kuchanganyikiwa, na kukosa pumzi akiwa amekaa, hasa akiwa na kikohozi chenye majimaji. Anashushwa saa hiyohiyo, hata kama ni saa tisa usiku, angalau mita 1,000, akiwa na mwongozaji na wagumu wanne wa machela ya gurudumu moja. Oksijeni na dawa za deksamethasoni na nifedipini humpa muda wa kushuka, hazichukui nafasi ya kushuka. Andikeni mapema, na kila msanii na meneja wake watie saini: neno la daktari ni la mwisho, na picha ya mgonjwa haitumiki bila ridhaa yake akiwa mzima. Aliyeshushwa apewe nafasi yake kwenye kipindi. Watazamaji humpenda.

Kushuka, na baada ya kushuka

Kutoka Uhuru mnarudi Barafu, mnapumzika saa mbili, kisha mnashuka hadi kambi ya Mweka (mita 3,100). Magoti huumia hapa, fimbo zirefushwe. Siku ya 8 getini, bakshishi itangazwe kwa sauti mbele ya wagumu wote, kiwango cha kila kazi, na kila mtu apokee mkononi na kutia saini. Isipitie kwa mtu mmoja.

Namba ya mchango iachwe wazi siku 14 baada ya kipindi, kwani wengi hutoa wakiona marudio. Kila jioni linganisheni taarifa ya mtandao wa simu na ya benki. Tofauti ikitokea, tafuteni siku hiyohiyo. Ndani ya siku 90 tangazeni hesabu iliyokaguliwa, kwenye saa ileile ya kipindi: zilizoingia, zilizotumika, vyandarua vingapi, vijiji gani.

Halafu rudini kijijini na kamera moja tu na msanii mmoja. Onyesheni chandarua kikitolewa kwenye mfuko na kuanikwa kivulini kwa siku nzima kabla ya kutumika, kisha kamba nne zikifungwa kwenye pembe za chumba, na mama akikunja pindo chini ya mkeka hadi pasiwe na upenyo. Mwelezeni kukifua kwa sabuni laini na maji baridi, na kukianika mbali na jua, maana jua kali huharibu dawa. Rudini tena baada ya miezi sita mkahesabu vingapi bado vimening'inia.